Terakota, zellige, saruji ya nakshi au porseleni ya kuiga: kigae gani kiende chumba gani?

Vipande vinne viko mezani kwangu. Cha kwanza ni chekundu kama tofali, kizito, kimejikunja kidogo upande mmoja kama chapati iliyochelewa kugeuzwa. Cha pili kiganja kinakifunika chote. Ni kijani cha chupa, na ukikielekeza dirishani uso wake una mawimbi kama maji mtungini. Cha tatu ni kinene na baridi, kina nyota za buluu juu ya weupe, haking'ai hata kidogo. Cha nne kinafanana na cha kwanza mpaka ukigeuze: mgongoni kina mistari ya miraba na jina la kiwanda.

Vyote vinne vinauzwa siku hizi kwa maneno mamoja, "sura ya udongo" au "muonekano wa asili". Baada ya miaka mingi ya sakafu nyeupe zinazong'aa kama kioo cha duka la simu, watu wamezichoka, wanataka kitu chenye alama ya mkono. Shida inaanza pale unapotakiwa kuchagua, maana kwenye picha vyote ni vizuri na muuzaji atakusifia kile alichonacho stoo. Mimi siuzi vigae. Vitatu kati ya hivi vinne nimeshavisimamia vikiwekwa katika nyumba za ndugu, na kimoja nilishuhudia kikiharibiwa mbele ya macho yangu. Nitakifikia.

Tukubaliane majina kwanza. Chekundu nitakiita terakota. Waitalia hukiita cotto, yaani "kilichopikwa". Cha kijani ni zellige ya Moroko. Cha nyota ni kigae cha saruji, ambacho kusema kweli si kauri kwa sababu hakijawahi kuuona moto, lakini maduka hukipanga rafu moja na wenzake na wanunuzi hukilinganisha nao, kwa hiyo nami nitafanya hivyo. Cha nne ni porseleni iliyochapwa picha ya udongo.

Maswali ya kujiuliza kabla ya rangi

La kwanza ni maji. Udongo uliochomwa una vinyweleo, na moto ukiwa mdogo vinyweleo hubaki vingi. Kiwango cha kimataifa cha ISO 13006 huvipanga vigae vya kauri kwa kiasi cha maji vinachokunywa: porseleni haitakiwi kuzidi asilimia 0.5 ya uzito wake, na kundi la mwisho ni la vile vinavyopita asilimia 10. Nyumbani unaweza kujipimia mwenyewe. Pima kipande kikavu kwenye mizani ya jikoni, kilaze ndani ya ndoo ya maji usiku kucha, kifute, kipime tena. Kama jana kilikuwa gramu 1,000 na leo ni 1,120, kimekunywa asilimia 12. Maabara wana njia kali zaidi na watapata namba kubwa kidogo kuliko yako, ila kwa kuchagua sakafu ya jikoni kipimo chako kinatosha. Ukiwa dukani bila mizani, gusisha ncha ya ulimi mgongoni mwa kigae. Ukinata kama unavyonata kwenye udongo wa kula wanaoupenda wajawazito, hicho kina kiu. Muuzaji atakushangaa. Mwache ashangae.

La pili ni mguu. Bafuni hukanyaga mguu wenye sabuni. Barazani huingia viatu vyenye mchanga, na mchanga ni msasa. Kwenye maboksi ya viwandani tafuta herufi R: R9 ndiyo inayoteleza zaidi, R13 ndiyo inayoshika zaidi. Ndani kwenye ukavu R9 au R10 inatosha, lakini penye mvua mimi huanzia R11. Vigae vyenye glezi, ile ngozi ya kioo ya juu, mara nyingi huwa pia na namba ya PEI kutoka 1 hadi 5 inayoonyesha glezi itastahimili kusuguliwa kiasi gani. Kazi za mikono hazina alama hizi, huko utatumia vidole na akili.

Halafu kuna fundi, deki, uzee na mfuko. Fundi wako amewahi kuweka kigae cha aina hii, au atajifunzia kwako? Nani atapiga deki, na kwa dawa gani? Baada ya miaka 15 kigae kitakuwa kimezeeka vizuri au kimechoka tu? Na mfuko uhesabu kwa mita moja ya mraba iliyokwisha kuwekwa, pamoja na gundi, grauti (uji wa kujazia viungo kati ya vigae), siku za fundi na vipande vitakavyovunjika. Bei ya boksi peke yake hudanganya.

Terakota

*Kilivyo.* Udongo wa mfinyanzi wenye madini ya chuma, chuma hicho ndicho kinachotoa wekundu, umebonyezwa kwenye fremu, ukaanikwa, ukachomwa kwenye tanuri kwenye nyuzi 1,000 hivi. Impruneta karibu na Florence wamefanya kazi hii kwa karne nyingi. Saltillo, kaskazini mwa Meksiko, vigae huanikwa nje juani, na si ajabu kukuta kimoja chenye unyayo wa mbwa aliyepita kabla udongo haujakauka. Wapo wanunuzi wanaolipenda hilo hasa.

Kwetu watu huniuliza kwa nini wasiagize kwa wafinyanzi wetu. Vyungu vya akina mama wa Kikisi huko Ikombe, Ziwa Nyasa, ni vizuri kuliko vigae vingi nilivyoviona. Jibu liko kwenye moto. Chungu huchomwa kwenye moto wa wazi wa kuni na nyasi, ambao mara nyingi haufiki nyuzi 900 wala haukai muda mrefu. Hilo linakifaa chungu, kwa sababu mwili wake uliolegea ndio unaovumilia jiko la mafiga bila kupasuka. Sakafu inataka kinyume chake: mwili uliokaza, usiomomonyoka kwa kisigino cha kiti. Mfinyanzi mwenye tanuri la kufunga anaweza kukutengenezea, lakini kabla ya kulipia mita 30 mwombe vipande vitano, uvipime kwa ndoo na mizani, kisha uvigonge kwa kidole kama unavyogonga chungu sokoni. Mlio wa kengele ni mzuri. Mlio wa "pwa" maana yake kuna ufa au moto haukutosha.

*Maji.* Kinakunywa sana, kupita asilimia 10 ni kawaida. Kwa hiyo hakiwekwi kikaachwa hivihivi. Njia ya kizamani ni mafuta ya kitani kisha nta ya nyuki, vyote vinapatikana kwa maseremala. Njia ya leo ni dawa ya kuziba vinyweleo inayouzwa kwenye makopo. Kwa vyovyote utarudia kila baada ya mwaka au miwili. Pwani kuna adui mwingine, chumvi. Fundi akichanganya saruji kwa maji ya kisima yenye chumvi, chumvi ile itapanda na unyevu na kutoka juu ya kigae kama unga mweupe, utafuta leo kesho imerudi. Nunua maji yasiyo na chumvi, hata kama ni kwa toroli.

*Mguu.* Kisichopakwa glezi kinashika mguu vizuri na hakichomi nyayo asubuhi kwa baridi. Mchanga hukikwaruza, lakini mkwaruzo wake ni mwekundu ndani kama nje, hauonekani.

*Fundi.* Vipimo vinatofautiana, kwa sababu udongo husinyaa unapokauka na husinyaa tena motoni, wala haukubaliani na mwenzake. Fundi aliyezoea misalaba ya plastiki ya milimita mbili, ile ya kutenganisha kigae na kigae, atahangaika. Hapa kiungo kinataka milimita 8 hata 10, na jicho. Vilowekwe kidogo au vipakwe dawa kabla ya grauti, la sivyo grauti itazama kwenye uso na hutaitoa. Jambo jingine: udongo wenye vichembe vya chokaa huleta vidonda. Chokaa iliyochomwa hunywa unyevu, hufura, na kurusha kipande cha juu kama punje ya bisi. Ukiona vidoti vyeupe kwenye sampuli, usinunue.

*Deki na uzee.* Sabuni laini, maji kidogo. Mafuta ya mawese yakimwagika kabla hujaziba vinyweleo, doa hilo ni lako mpaka kufa. Lakini hakuna kati ya hivi vinne kinachozeeka vizuri kama hiki. Jikoni kwa shangazi yangu Tanga, mbele ya jiko alipokuwa akisimama kila siku, sakafu ilikuwa imekoza rangi na kulainika mpaka ikawa kama ngozi. Ukiingia kiza usiku mguu ulikuwa unajua umefika kwenye jiko.

*Mfuko.* Cha tanuri la jirani kinaweza kuwa nafuu, cha Italia kitalipa meli. Ongeza dawa na nta kila mwaka.

*Kinamfaa* mwenye nyumba yake mwenyewe, anayekaa humo, ambaye doa la kwanza halitamkosesha usingizi. Hakimfai mpangishaji.

Zellige

*Kilivyo.* Udongo wa Fez hulowekwa, hukandwa, hukatwa vipande vya takriban sentimita 10 kwa 10, hukaushwa juani, huchomwa, hupakwa glezi, kisha huchomwa tena kwenye matanuri ambayo kwa desturi huwashwa kwa makapi ya zeituni yaliyokwisha kukamuliwa mafuta. Moto wa namna hiyo haulingani kila pembe ya tanuri, ndiyo maana kijani kimoja hutoka kikiwa kijani kumi. Kwa kazi ya nakshi za nyota, mafundi wakuu, wanaoitwa maalem, hukata vipande hivyo kimoja kimoja kwa nyundo nzito yenye makali na kuvipanga kifudifudi. Ukitaka kuona mwisho wa ufundi huo, angalia kuta za madrasa ya Bou Inania hukohuko Fez, iliyojengwa katika miaka ya 1350. Neno la Kiarabu lililozaa zellige ndilo lililozaa pia azulejo, jina la vigae vya glezi vya Wahispania na Wareno.

Wazee wa pwani yetu waliuthamini mng'aro wa namna hii mapema sana. Nguzo ya kaburi pale Kunduchi ilipachikwa bakuli za kauri za China, zenye glezi, katikati ya chokaa na mawe ya matumbawe. Kwa hiyo ukuta mmoja mtulivu wenye kipande kinachometa si jambo geni kwetu hata kama zellige yenyewe ni ya mbali.

*Maji.* Mbele kuna kioo, mgongo na kingo ni udongo wenye kiu. Ukutani bafuni hakuna neno, mradi ukuta wa nyuma umezibwa maji kwanza. Glezi yenyewe ina vijishimo na nyufa nyembamba kama nywele. Hizo ni tabia yake, wala usirudishe boksi kwa ajili hiyo.

*Mguu.* Sakafuni inawezekana, na Moroko wanafanya, lakini kingo zake hubanduka vipande vidogo na glezi iliyolowa huteleza. Mimi ningeiacha ukutani. Mkinibishia, angalau isiwe sakafu ya bafu la watoto.

*Fundi.* Hapa ndipo kazi ilipo. Mita moja ya mraba ni vipande 100. Porseleni ya sentimita 60 kwa 60 mita hiyohiyo haifiki vipande vitatu. Zellige huwekwa vikigusana, bila misalaba, juu ya ukuta ulionyooka kabisa, kwa sababu vyenyewe havijanyooka. Na lazima maboksi yote yafunguliwe siku ya kwanza na vipande vichanganywe sakafuni kama karata. Fundi akimaliza boksi moja ndipo afungue jingine, ukuta utatoka na mabaka: huku umekoza, huku umepauka. Nimeuona ukuta wa namna hiyo nyuma ya sinki, na mwenye nyumba alikuwa akiambia wageni kwamba ni mtindo.

*Deki na uzee.* Kitambaa chenye maji na sabuni. Siki na ndimu si za kusugulia. Ukikinunua kwa ajili ya meza ya jikoni, uliza kama glezi ina madini ya risasi, maana glezi za kale za rangi nyingi zilikuwa nayo, na muuzaji makini atakuwa na jibu la maandishi.

*Mfuko.* Ndicho ghali kuliko vyote vinne huku kwetu: kazi ya mkono, meli, kuvunjika njiani na siku za fundi. Agiza ziada ya asilimia 15.

*Kinamfaa* anayetaka mita mbili tatu za kuangaliwa, nyuma ya jiko au kwenye ukuta wa bafu, na aliyempata fundi mwenye subira.

Kigae cha saruji chenye nakshi

*Kilivyo.* Teknolojia hii ilizaliwa Ufaransa katikati ya karne ya 19, eneo la Viviers, palipokuwa na viwanda vya chokaa na saruji, ikaenea kila penye bandari. Ndiyo maana wengi wetu tunakifahamu kwa macho bila kujua jina: nyumba nyingi za kale za mijini pwani zina chumba chenye sakafu ya maua na nyota zilizopauka. Barcelona walikipenda kuliko wote. Kigae cha pembe sita alichokibuni Antoni Gaudí, chenye viumbe vya baharini, kilitengenezwa na kampuni ya Escofet kwa ajili ya nyumba moja, kikaishia kuwekwa katika Casa Milà, na leo muundo wake umetandazwa kando ya barabara ya Passeig de Gràcia.

Namna kinavyotengenezwa inapendeza kuitazama. Fundi ana kalibu ya chuma yenye vyumba vyumba kama vya mzinga. Kila chumba anakimiminia uji wa rangi yake: saruji nyeupe, unga wa marumaru, rangi ya madini. Anainua kalibu taratibu, rangi zinabaki zimekaa zinagusana bila kuingiliana. Juu anatia unga mkavu wa saruji na mchanga, kisha mashine inabana kwa nguvu. Hakuna moto. Kinatoka, kinalowekwa, kinaachwa kiive polepole kwa wiki kadhaa. Rangi yake ina unene wa milimita tatu nne, kwa hiyo visigino vya vizazi viwili havitaimaliza.

*Maji.* Kinakunywa, ingawa kwa kawaida si kama terakota. Kizibwe vinyweleo kabla na baada ya grauti.

*Mguu.* Kinashika vizuri kikiwa hakijang'arishwa kwa mashine. Kwa kutembelewa ni jabali.

*Fundi.* Ni kizito. Kwa unene wa milimita 16 mita moja ya mraba ina kilo 35 hivi, na sakafu itapanda mpaka milango ikatwe chini. Hesabu hilo kabla hujapaka milango rangi. Hakigongwi kwa nyundo ya mpira, husukumwa kwa kiganja.

Na sasa kile kisa changu. Ilikuwa sebule ya mama yangu mdogo, mita 18 za nyota za buluu. Kazi iliisha vizuri, imebaki utando wa grauti juu. Fundi akatoa chupa ya asidi, ile ile wanayoitumia kusafishia vigae vya vyoo. Mama mdogo akamuuliza, "Fundi, hiyo haitachubua?" Akajibu, "Mama, hii ndiyo inayong'arisha, kila nyumba tunatumia." Alisema kweli: kwenye porseleni wanatumia na haidhuru sana. Lakini saruji na marumaru ni chakula cha asidi. Ilichemka kama soda kwa sekunde chache, na ilipokoma nyota zilikuwa zimebaki kama picha iliyoachwa juani. Tulisugua kwa msasa laini wa maji siku nne, tukapata nusu ya rangi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai, sikusema neno, na sijajisamehe.

*Deki na uzee.* Kwa hiyo: asidi marufuku, ndimu, siki na dawa za choo marufuku. Sabuni isiyo kali tu. Mwambie na dada wa kazi, na umwonyeshe chupa yenyewe inayokatazwa, kwa sababu "usitumie dawa kali" ni maneno yasiyomwambia mtu chochote. Kikitunzwa, hupauka kwa heshima.

*Mfuko.* Kati na kati. Kinaweza kutengenezwa karibu, kwani malighafi ni saruji, na nakshi unaweza kuichagua rangi.

*Kinamfaa* mwenye sebule au ukumbi anaotaka sakafu iwe ndiyo zulia. Hakimfai mwenye jiko la ndimu na achari.

Porseleni inayoiga

*Kilivyo.* Udongo mweupe, feldispa (madini ya mawe) na mchanga, vimebanwa vikiwa unga na kuchomwa kwenye nyuzi 1,200 hivi mpaka vinyweleo vijifunge. Sura ya udongo ni picha iliyochapwa kwa wino wa kidijitali, teknolojia iliyoanza kutumika kwenye vigae huko Castellón, Hispania, karibu mwaka 2000. Wao na Waitalia wa Sassuolo ndio wanaoongoza mitindo. Siku hizi hata mawimbi ya zellige hubonyezwa, na kingo hufanywa ziyumbe makusudi. Afrika Mashariki ina viwanda vyake vikubwa vya vigae, Kajiado, Chalinze na Mkuranga, kwa hiyo kupata boksi la nyongeza ni safari ya lori badala ya meli.

Tahadhari: kwenye rafu hiyohiyo kuna vigae vya ukutani vyenye sura ileile ambavyo si porseleni, mwili wake ni laini na hunywa zaidi ya asilimia 10. Ulimi wako utakuambia.

*Maji.* Hakinywi. Hapa wengine watatu wanakaa kimya.

*Mguu.* Namba zote ziko kwenye boksi, chagua.

*Fundi.* Rahisi kwa aliyezoea, ila sifa yake ndiyo mtego wake. Kwa kuwa hakinywi, uji wa saruji tupu haukishiki. Unataka gundi yenye polima, iliyopakwa kwa mwiko wa meno na kujaa mgongo wote. Gonga sakafu nyingi za mjini kwa sarafu utasikia mahali panapolia tupu. Mara nyingi ni porseleni iliyolazwa juu ya saruji kwa kubahatisha. Na anayekata kwa grinda akate kwa maji na avae barakoa, vumbi lile linaharibu mapafu.

*Sura kwa karibu.* Fungua maboksi matatu dukani, panga vigae chini, tafuta alama moja, kwa mfano ufa wenye umbo la mguu wa kuku. Ukiuona mara tatu ndani ya mita moja, kiwanda kilichapa picha chache na sakafu yako itaonekana kama kitambaa cha dukani. Kwenye boksi kuna alama V1 hadi V4 ya utofauti wa rangi. Udongo wa kweli ni V4, kwa hiyo anayeiga kwa V1 haigi vizuri.

*Deki na uzee.* Piga deki kwa chochote. Baada ya miaka 20 kitakuwa vilevile, na hapo ndipo watu hugawanyika: kuna anayeona hiyo ni baraka, kuna anayeona sakafu isiyokumbuka chochote. Ukingo ukibanduka utaona mwili mweupe chini ya picha ya udongo, na hakisuguliki kikarudi upya.

*Mfuko.* Cha hapa nyumbani ni nafuu kuliko vingine kwa mita iliyowekwa.

*Kinamfaa* mpangishaji, mwenye watoto wadogo, mwenye mgahawa, na yeyote anayesafiri akaacha nyumba kwa watu.

Sasa chumba kwa chumba

Jikoni panapopikwa kweli, mawese na bizari na ndimu kila siku, porseleni sakafuni na zellige mita mbili nyuma ya jiko ndiyo ndoa ninayoipendekeza mara nyingi. Ukitaka terakota jikoni kwa moyo wote, basi paka dawa mara mbili kabla sufuria la kwanza halijaingia.

Baraza iliyofunikwa, watu wanakaa jioni kwenye mkeka: terakota. Baraza inayonyeshewa na kupigwa upepo wa bahari: porseleni ya R11, au terakota kama utakubali unga wa chumvi na ukungu wa kijani msimu wa masika.

Sebule kubwa ya wageni, na wenye nyumba ni watu wazima: saruji ya nakshi, katikati kama zulia, pembeni umalizie kwa rangi moja ili upunguze gharama. Bafuni, sakafu ya porseleni isiyong'aa. Ukuta ni uamuzi wa mfuko wako.

Nyumba ya kale ya mawe ya matumbawe na chokaa, iwe Mji Mkongwe au Lamu, ina hesabu yake. Unyevu hupanda kutoka ardhini na sakafu ya zamani ilikuwa inautoa polepole. Ukiifunika yote kwa porseleni, unyevu utatafuta njia ukutani na lipu itaanza kumeguka. Humo terakota au saruji, juu ya chokaa, hupumua pamoja na nyumba. Kabla ya yote waulize wahifadhi wa mji, kwa sababu huenda ruhusa ikahitajika.

Kwa ndugu walio Ulaya au Marekani ya Kaskazini wanaotaka roshani yenye sura ya nyumbani: kigae kilichokunywa maji kikigandishwa na baridi hupasuka. Nje, porseleni. Ndani karibu na dirisha weka terakota yako.

Na kama bado umekwama kati ya viwili, nunua vipande viwili viwili. Kimoja cha kila aina kizibe vinyweleo, cha pili kiache, viweke mlangoni mwa jiko kwa wiki mbili watu wavikanyage. Mwagia chai, mafuta, tone la ndimu, uvifute kesho yake kwa dawa ileile ya deki inayotumika kwenu. Halafu mwite anayepiga deki, umuulize yeye anataka kipi.